Sensa ya udongo ikitoa namba za ajabu: pa kuanzia kutafuta kosa

Namba ya ajabu kwenye kioo cha sensa, yaani kifaa kinachopima udongo kwa mwanga, haitoki hewani. Kila nilipoifuatilia hadi mwisho nimekuta ina mahali ilipozaliwa: kwenye taa, kwenye kikombe cha sampuli, kwenye udongo wenyewe, au kwenye modeli inayougeuza mwanga kuwa asilimia. Nimezunguka na kifaa hiki Magu, Misungwi, Kwimba na Ukerewe, mkoani Mwanza, kwa misimu kadhaa. Haya ni matatizo yanayojirudia, nimeyaandika kwa ajili ya maafisa ugani na mafundi wa vipimo waliokabidhiwa sensa wakaambiwa kazi ni kubonyeza tu.

Kwanza tukubaliane sensa inafanya nini, maana lawama nyingi inazotupiwa zinatokana na kuitarajia ifanye isichoweza. Taa inamulika udongo. Udongo unanyonya sehemu ya mwanga na kurudisha iliyobaki, na kifaa kinahesabu kilichorudi kwa kila urefu wa wimbi na kukichora kama mstari, ambao hapa nauita mchoro. Vifaa vikubwa husoma kuanzia nanomita 350 hadi 2,500. Vile vidogo vya mkononi husoma kipande tu cha hapo. Maji huacha mashimo kwenye mchoro karibu na 1,400 na 1,900. Madini ya mfinyanzi huacha shimo lao karibu na 2,200. Chuma, ile kutu inayoupa udongo wekundu, huonekana chini ya 1,000. Mboji hushusha mchoro karibu wote, hasa upande wa mwanga unaoonekana kwa macho. Hakuna shimo lenye jina la DAP, ile mbolea ya kupandia. Kazi inayobaki ni ya modeli, yaani hesabu iliyofundishwa kwa sampuli ambazo maabara ya kikemia ilizipima kwanza.

Kwa hiyo kosa linatafutwa kwa mpangilio: mwanga kwanza, kisha udongo ulio kikombeni, modeli mwisho. Ukianza na modeli unaweza kupoteza wiki nzima kwa kosa la betri.

Sampuli ni ile ile, kila ukisoma namba nyingine

Usiguse udongo bado. Weka kigae cheupe cha kulinganishia, kisome mara tano mfululizo. Mchoro wake unatakiwa uwe mstari ulionyooka karibu na asilimia 100, na mistari yote mitano ilaliane. Ikiachana, tatizo ni la kifaa. Huenda taa ya halojeni haijapata joto (mimi huipa nusu saa), au betri imeshuka, au umetoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia moja kwa moja kwenye jua la saa saba mchana. Kifaa chenye vipokea mwanga vitatu kitakuonyesha hilo waziwazi: mchoro unakuwa na ngazi karibu na 1,000 na karibu na 1,800, kama kitambaa kilichokatwa na kuungwa vibaya. Kipe muda kizoee joto la mahali, soma kigae upya, na ngazi itapungua.

Mistari ikilaliana lakini ina vishimo karibu na 1,720 na 2,310, kiangalie kigae chenyewe. Hapo ndipo mafuta yanapojionyesha. Nililijua hili siku moja Kisesa. Mwenzangu alikula dagaa wa kukaanga, akajipangusa mikono, akarudi kazini akakishika kigae katikati badala ya pembeni. Kwa kukitazama juujuu ulikuwa huoni kitu. Nilipokiinamisha kuelekea dirishani ndipo alama ya dole gumba ikatokea, mistari yake yote imekamilika kama iliyogongwa kwenye fomu. Sampuli zote tulizosoma tangu chakula cha mchana zilikuwa zimelinganishwa na dole lile. Tulizirudia zote.

Kigae cha PTFE (aina ya plastiki nyeupe) kilichochafuka husuguliwa polepole kwa msasa laini, namba 220 hadi 240, chini ya maji safi yanayotiririka, mpaka maji yaanze kukikimbia kwa matone. Kisha kinaachwa kikauke. Soma kwanza maelekezo ya mtengenezaji, maana si vigae vyote ni vya aina hiyo.

Kama kigae kiko sawa na udongo ndio unaoyumba, tatizo limehamia kikombeni. Luseni, ule mchanga wa juu unaotokana na mawe yetu ya granaiti, una punje kubwa zinazong'aa. Ukisogeza kikombe kidogo tu, punje nyingine inakaa mbele ya taa. Chekecha udongo kwa chekeche ya milimita 2, jaza kikombe hadi ukingoni, sawazisha juu kwa rula bila kukandamiza. Soma, zungusha kikombe robo, soma tena, hivyo hivyo mara nne, halafu chukua wastani. Na hakikisha mwanga wa nje hauingii. Kitambaa cheusi kinatosha.

Tangu mvua ianze, namba zote zimehama

Ni maji. Hayaishii kuchimba yale mashimo ya 1,400 na 1,900, bali yanaufanya udongo wote uwe mweusi zaidi, kama sakafu ya udongo inaponyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa, na modeli iliyozoea kuhusisha weusi na mboji inadanganyika. Kuthibitisha ni rahisi: gawa sampuli mara mbili, soma nusu ikiwa kama ilivyotoka shambani, anika nusu ya pili, kisha soma. Zikiachana sana, umepata jibu.

Kuanika nako kuna makosa yake. Tandaza udongo mwembamba juu ya karatasi, kivulini, penye hewa. Kiangazi cha Julai siku mbili zinatosha. Aprili, Ukerewe, hewa ya ziwa ikiwa nzito, nimewahi kungoja siku sita. Mwenye oveni ya maabara aiweke nyuzi 40, asizidishe. Usianike juu ya bati linalochoma wala usikaange udongo kwenye sufuria, jambo nililoliona likifanywa na mtu aliyekuwa anawahi kivuko. Joto kali linaunguza mboji, na kuanzia hapo unapima udongo ambao haupo kwenye shamba la mtu yeyote.

Wengi wakishaanika husahau kwamba udongo uliokauka hunywa tena unyevu wa hewa, na wa mfinyanzi mwingi hunywa kuliko yote. Sampuli uliyoikausha Jumatatu ukaiacha wazi mezani hadi Alhamisi si kavu tena. Itie kwenye kopo lenye kifuniko.

Zipo hesabu za kuondoa athari ya maji kwenye mchoro. Inayotumika sana inaitwa EPO. Inawafaa wanaokokota sensa nyuma ya trekta kwenye udongo mbichi, lakini nayo lazima ifundishwe kwa sampuli zile zile zikiwa kavu na zikiwa na maji. Kwa anayerudi na sampuli nyumbani, kivuli na subira vinatosha.

Mbuga inaonekana na rutuba kuliko ilivyo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wakulima wetu wanapoumia.

Magu, shamba la bondeni, udongo mweusi tii wa mbuga, majaruba ya mpunga, na dengu baada ya mpunga. Sensa ilinipa kaboni, ambayo ndiyo kipimo cha mboji, ya juu kabisa kuliko mashamba yote ya wiki ile. Mama mwenye shamba aliinama akatazama kioo pamoja nami, nikamweleza. Akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo shamba langu limeshiba? Mbona mpunga wangu unageuka njano kila mwaka?" Sikuwa na jibu. Nilibeba udongo ule maabara ya kikemia, na kaboni iliyorudi ilikuwa kama theluthi ya ile niliyomsomea.

Kifaa kilikuwa kimesoma sawasawa. Mwanga uliorudi ulikuwa mchache kweli. Kosa lilikuwa kwenye tafsiri. Weusi wa mbuga hautokani na wingi wa mboji. Mfinyanzi wake ni ule unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka, na mboji kidogo ikishikamana nao kwa nguvu inatosha kuutia weusi wote ule. Modeli niliyokuwa nayo ilifundishwa zaidi kwa udongo mwekundu na wa kahawia wa mahali pengine, ambako kila rangi ikikolea, mboji imeongezeka. Ilipokutana na mbuga ikafanya ilichofundishwa. Sensa inayosoma mwanga unaoonekana peke yake ndiyo inayokosea zaidi hapa. Inayofika 2,200 angalau inaona ule mfinyanzi na ina nafasi ya kujirekebisha, ikiwa imefundishwa.

Dalili za tatizo hili ni hizi: makosa yanaelekea upande mmoja, yanafuata aina ya udongo, na kigae cheupe hakina neno. Programu nyingi pia hutoa alama ya umbali, inayoonyesha sampuli yako iko mbali kiasi gani na zile zilizoifundisha modeli. Iwashe hiyo alama. Wengi wameizima kwa sababu inajaza kioo rangi nyekundu, na wekundu huo ndio onyo lenyewe.

Dawa ni kuifundisha modeli udongo wa hapa. Huanzi sifuri. Mwaka 2002 watafiti Keith Shepherd na Markus Walsh walichapisha kazi iliyotumia sampuli zaidi ya 1,000 za udongo wa juu kutoka mashariki na kusini mwa Afrika, ikaonyesha kwamba mfinyanzi, kaboni na kalsiamu vinaweza kukadiriwa vizuri kwa mwanga. Msingi wa namna hiyo ni mzuri. Unauongezea sampuli za kwenu, zilizopimwa kikemia, ili usipotee ukifika bondeni.

Sampuli zipi? Wasukuma walishalijibu hili kabla ya sensa. Ukishuka kutoka kwenye mawe kuelekea bondeni unapita luseni ya mchanga, itogolo yenye tabaka gumu chini, ibushi yenye chokaa, hadi mbuga, na kila jina linakuambia cha kupanda. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Afrika Mashariki, aliupa mpangilio wa namna hii jina la "katena", yaani mnyororo, na wanasayansi wa dunia nzima wanalitumia hadi leo. Chukua sampuli kwa kuufuata mnyororo huo, kila aina ipate sehemu yake. Nilipoanza nilichukua thelathini, na kosa langu la kwanza lilikuwa kuzichukua kando ya barabara kwa sababu ya pikipiki. Barabara zetu zinapita juu, penye mchanga. Nikajikuta na luseni ishirini na mbuga mbili.

Ukishaziongeza, tenga robo ya sampuli za kujaribia ambazo modeli haijaziona. Tenga kwa shamba. Ukichukua sampuli mbili za shamba moja, moja ukaifundishia na nyingine ukaijaribia, ni sawa na kumpa mwanafunzi majibu usiku wa kuamkia mtihani.

Ibushi inataka neno lake. Chokaa ina kaboni ndani yake, lakini si mboji. Kama maabara iliyofundisha modeli yako ilichoma udongo na kuhesabu kaboni yote bila kuondoa chokaa, ibushi itasomeka kama imejaa mboji. Dondosha tone la asidi hafifu ya haidrokloriki kwenye udongo. Ukitoa povu, chokaa ipo. Kwenye mchoro itafute karibu na 2,340.

Fosforasi inapanda na kushuka bila sababu

Ushauri wa fosforasi siutoi kwa sensa, na nimeiondoa safu yake kwenye ripoti ninazowapa wakulima.

Fanya hesabu hii. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 23 za P2O5 (namna fosforasi inavyohesabiwa kwenye mbolea), ambazo ni takriban kilo 10 za fosforasi yenyewe. Udongo wa ekari moja hadi kina cha sentimita 20 una uzito wa tani 1,000 na ushee. Ukiusambaza mfuko mzima, umeongeza kama miligramu 10 kwa kila kilo ya udongo. Kwa mahindi hiyo ni tofauti kubwa. Kwa mwanga ni kama kitu ambacho hakikutokea: mchoro wa kabla na wa baada utalaliana. Sensa inapokupa namba ya fosforasi inakisia kupitia jamaa zake, yaani mfinyanzi, chuma na mboji, na mkulima akitia mbolea ule ujamaa unavunjika. Hali ni hiyo hiyo kwa nitrati, na kwa kiasi fulani kwa potasiamu. Naitrojeni ya jumla ni afadhali, kwa kuwa inatembea pamoja na kaboni. pH iko katikati: inakisiwa vizuri mahali modeli inapopajua, na vibaya isipopajua.

Peleka maabara. Kwa udongo wenye tindikali kipimo cha Bray kinafaa, kwa ibushi Olsen, na Mehlich 3 hutumika kwa wigo mpana. Kinachookolewa na sensa ni idadi ya sampuli: inakuonyesha shamba linabadilika wapi, hivyo badala ya kulipia ishirini unalipia nne zilizochukuliwa mahali panapostahili.

Maabara na sensa zinatofautiana kwa kiwango kile kile

Gawanya namba moja kwa nyingine. Ukipata 1.72, mmoja anaandika kaboni na mwingine mboji. Ukipata 2.29, ni fosforasi dhidi ya P2O5. Ukipata 1.2, potasiamu dhidi ya K2O, namna potasiamu inavyohesabiwa kwenye mbolea. Ukipata kama 1.3 kwenye kaboni, uliza kama waliotumia Walkley-Black, njia ya kikemia ya kupima kaboni, walifanya marekebisho, maana njia ile haichomi kaboni yote. pH ikiwa chini kwa nusu au hata moja kila mara, huenda walipimia kwenye kalsiamu kloridi na modeli yako ilifundishwa kwa pH ya maji.

Tofauti isipokuwa na mpangilio wowote, usidhani maabara haikosei. Wakati fulani nilirudishiwa majibu ambayo mchanga mtupu ulikuwa na mfinyanzi wa asilimia 60. Lebo zilikuwa zimebadilishana. Tangu hapo kila ninapopeleka sampuli natia ndani udongo mmoja mara mbili, kwa lebo mbili tofauti, bila kusema. Majibu ya pacha hao yakikaribiana, naendelea. Yasipokaribiana, naomba warudie kabla sijaifundisha modeli uongo.

Nukta moja kwenye ramani imetoroka

Kama nukta zote zimetoroka, ni alama ya kutoa. Mwanza iko kusini mwa ikweta, latitudo karibu nyuzi 2.5, longitudo karibu 32.9. Ukisahau kuandika hasi mbele ya 2.5, shamba lako la Misungwi linahamia kaskazini mwa Uganda, karibu na Lira. Kama zimesogea mita kumi au ishirini tu, simu ilikuwa chini ya mwembe. Toka nje ya kivuli, ngoja namba zitulie.

Ila kama ni nukta moja tu, imekaa mahali pake na namba yake iko juu mno kuliko jirani zake, usiifute haraka. Programu itakushauri uifute. Rudia kwanza kusoma, kisha rudi shambani ukiwa na mwenyewe. Inaweza kuwa kichuguu kilichosawazishwa, au mahali palipokuwa na tanuri la mkaa. Chenga za mkaa utaziona kwa macho ukimwaga udongo kwenye karatasi nyeupe, na hizo kweli zinaichanganya sensa.

Misungwi, kwenye luseni iliyochoka, nukta moja ilinipa kaboni mara mbili ya shamba lote. Nilisoma kigae, nilisoma udongo mara nane, sikupata kosa. Asubuhi nikamfuata mzee mwenye shamba. "Mwangaluka, babu." Akaitikia, nikamwonyesha mahali. Hakuitazama ramani. Alitembea hadi pale, akapiga udongo kwa kisigino, akasema, "Hapa palikuwa zizi la baba. Tulihama mimi nikiwa mdogo, ng'ombe wakapelekwa kule." Akazunguka taratibu akinionyesha kwa fimbo uzio ulikopita. Nilichukua sampuli nane kufuata fimbo yake, nne ndani na nne nje, nikazisoma jioni. Zile nne za ndani zilikuwa juu zote. Nukta nikaiacha kwenye ramani, pembeni yake nikaandika "zizi la zamani", na mbolea ya samadi aliyopanga kuimwaga shamba zima tukaipeleka nje ya mstari ule.